Pumzi Hurudi Kabla ya Kano

Farasi aliyeumia mguu huwa hatarini zaidi siku anapoonekana amepona. Uvimbe umeshuka, hachechemei tena, manyoya yanang'aa, na kila akiona mtu amebeba tandiko anagonga mlango wa banda kwa kwato. Mwenye farasi humtazama akasema, wiki ijayo tunatoka. Nafundisha farasi na wapandaji huku Karen, Nairobi, na wengi wa farasi ninaowapokea walianzia kwenye mbio za Ngong. Jambo ninalolirudia kwa kila mwenye farasi ni kwamba mwili wa mnyama huyu haurudi kazini wote kwa pamoja. Moyo na pumzi hurudi ndani ya wiki chache, misuli ikafuata. Kano na mifupa huja mwisho, baada ya miezi mingi, na ratiba yote ya kumrudisha hupangwa kwa mwendo wa hivyo vinavyochelewa.

Nitaeleza kwa mfano wa Shaba, farasi jike mwekundu mwenye damu ya mbio, uzito wake karibu kilo 500, aliyeumia kano ya nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto. Ni jeraha linalowapata sana farasi wa mbio na wa kuruka viunzi. Ukitaka kuelewa kwa nini halina haraka, papasa mguu wa farasi chini ya goti. Hukuti nyama. Kuna ngozi, mfupa, na kano zinazoteremka kwa nyuma hadi chini ya kifundo, na damu inayozifikia ni haba. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake. Akienda shoti, kano hiyo huvutika hadi karibu na kikomo chake, na joto katikati yake laweza kufika nyuzijoto 45.

Ndani ya kano nzima nyuzi zimelala sambamba kama katani iliyosokotwa vizuri. Zikikatika, mwili huziba pengo kwa kovu, na nyuzi za kovu hulala ovyo, hii huku na ile kule. Kinachozipanga ni kuvutwa kidogo kidogo, kwa kipimo, mwezi baada ya mwezi. Ndiyo sababu kumfungia bandani mwaka mzima hakumponyi, na kumfungulia malishoni akimbie anavyotaka ni kuichana upya. Kwa jeraha la wastani hesabu miezi 9 hadi 12 kabla ya kudai kazi kamili. Jeraha kubwa huzidi hapo.

Mwanzo wote ni wa daktari wa mifugo na mashine yake ya ultrasaundi. Picha ya Shaba ilipigwa baada ya kama wiki moja, kwa sababu jeraha la kano huendelea kupanuka siku za kwanza, na picha ya mapema mno huonyesha dogo kuliko lilivyo. Siku hizo ni za maji baridi ya mpira, dakika 15 hadi 20 kila mara, dawa za daktari, bendeji na utulivu. Bendeji hufungwa miguu yote miwili ya mbele, maana ule mzima nao unabeba mzigo wa mwenzake. Nafaka hupunguzwa siku hiyo hiyo na nyasi kavu huongezwa. Farasi aliyesimama huku anakula posho ya kazi hujaa nguvu asizo na mahali pa kuzipeleka, na mabadiliko haya ya maisha yanaweza kumletea msokoto wa tumbo. Angalia kinyesi chake na maji anayokunywa kila siku.

Daktari akiruhusu, kazi ya kwanza ni kutembea kwa kamba. Dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, kwa mstari ulionyooka, mahali pagumu kiasi na pasipo mashimo. Kila wiki, mguu ukibaki baridi, unaongeza dakika 5. Kwenye karatasi, hii ni kazi ya kuchosha kwa urahisi wake. Kwenye kamba ni kilo 500 za mnyama aliyelelewa kukimbia, ambaye hajaona jua vya kutosha, na ndege mmoja akiruka kichakani anasimama kwa miguu ya nyuma. Kwa hiyo vaa kofia ngumu na glavu hata kama uko chini. Mvalishe lijamu badala ya kamba ya kichwani peke yake. Mtoe akiwa ameshakula nyasi, na umpe mwenzake mtulivu wa kutembea naye. Farasi akizidi kuruka, usimchape. Mwite daktari, kwani ziko dawa za kumtuliza kwa matembezi ya mwanzo, na kuzitumia ni busara kuliko kuona mruko mmoja ukivunja kazi ya miezi.

Shaba alitembezwa na saisi wetu, mzee ambaye farasi wote hushusha vichwa wakimsikia. Yeye humtoa asubuhi umande ukikauka na tena alasiri, lakini si magharibi. Saa ya magharibi ni ya usubi, na wadudu hao ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua haraka. Farasi wetu huchanjwa, lakini sioni sababu ya kuwapeleka kwenye kundi la usubi.

Kila asubuhi, kabla hajatembea na kabla maji hayajagusa mguu, mzee huupapasa. Huu ndio ustadi ninaowasihi wenye farasi wajifunze wenyewe. Tumia mgongo wa vidole kupima joto, halafu linganisha na mguu wa pili mahali pale pale. Kisha inua mguu, kano ilegee, uibane taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Unatafuta joto, unene, au mahali anaposhtuka. Andika ulichokuta kwenye daftari. Ukikuta joto ambalo jana halikuwapo, kazi ya siku hiyo inasimama, daktari anapigiwa simu, na akiruhusu kuendelea mnarudi kwenye kipimo cha wiki zilizopita.

Akiweza kutembea karibu saa nzima bila mguu kulalamika, na picha ya pili ikiwa nzuri, ndipo tandiko linarudi. Lijaribu upya. Misuli ya mgongo wa farasi aliyepumzika husinyaa, na tandiko lililomkaa vizuri zamani sasa linaweza kumbana mabegani au kumlalia juu ya uti. Ngozi ya tumboni pia imelainika, kwa hiyo chunguza michubuko chini ya mkanda kila unapomvua. Fundi wa kwato awe ameshapita, kwa sababu ncha ndefu na kisigino kilicholala huuchelewesha mguu kuinuka, na mzigo wa kuchelewa huko huangukia kano.

Ni katika kipindi hiki mwenye Shaba alinijia. Alikuwa amempanda kwa mwendo wa kutembea tu kwa wiki kadhaa, na farasi alikuwa anavuta hatamu akitaka zaidi.

“Mwalimu, mbona yuko sawa kabisa? Hata hahemi.”

“Mama, pumzi iko sawa. Mguu tutauona kwenye picha.”

Alisubiri, na ninamheshimu sana kwa hilo, maana kusubiri juu ya mgongo wa farasi anayetaka kwenda ni kazi ngumu.

Mwendo wa matiti huanza kwa dakika 5 katikati ya matembezi marefu, na huongezwa kwa dakika 5 kila baada ya wiki mbili au zaidi. Mwendo huu ndio unaosema ukweli. Miguu hutua kwa jozi za mshazari, wa mbele wa kushoto pamoja na wa nyuma wa kulia, uzito ukigawanywa sawasawa, hivyo mguu wenye maumivu haufichiki. Mwombe mtu amkimbize farasi kwa kamba kwenye ardhi ngumu, nawe utazame kichwa: mguu wa mbele unaouma ukikanyaga, kichwa hupanda, ule mzima ukikanyaga, kichwa hushuka. Mpandaji ainuke kwenye vikuku na abadilishe upande mara kwa mara, asiulemee mshazari mmoja. Baki kwenye mistari mirefu. Miduara midogo hupindisha mzigo na ingoje hadi baadaye kabisa.

Ardhi nayo ina msimu wake. Masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi hugeuka tope zito linalonyonya kwato, na kano huvutwa kila hatua. Januari na Februari uwanja hukauka ukawa mgumu kama saruji, na hapo mifupa na viungo ndivyo vinavyoumia. Matiti ya Shaba yaliangukia masika, kwa hiyo tulibaki kwenye njia za murram na kwenye uwanja wa mchanga usio na kina. Mchanga wenye kina kirefu ni mbaya kama tope. Siku za mvua kubwa alitembea tu, na hakuna kilichopotea.

Sasa yuko kwenye shoti nyepesi, dakika chache, baada ya kutembea dakika 20 za kupasha mwili moto. Kovu la kano halirudishi mnyumbuko wa zamani, na kuumia tena mahali pale pale ni jambo la kawaida kwa jeraha hili. Kwa hiyo mimi, daktari na mwenye farasi tumekubaliana kwamba hatarudi kwenye viunzi virefu. Atafanya kazi ya uwanjani, safari za msituni, na magogo madogo kama mguu utakubali. Hataruka hata gogo moja kabla ya picha inayofuata.