Meya Akigombana na Wenzake, Mwananchi Amuulize Nani?

Mstahiki Meya wa Tabora hapigiwi kura na wakazi wa Tabora. Mkazi wa Kiloleni, Isevya au Ng'ambo humchagua diwani wa kata yake, kisha madiwani hukutana baada ya uchaguzi mkuu na kumchagua mmoja wao awe meya. Mkurugenzi wa Manispaa, kwa upande wake, huteuliwa na Rais. Kwa hiyo ofisi kubwa mbili za mji zinashikiliwa na watu walioingia kwa milango tofauti, na kila mmoja anamtazama aliyemweka. Asiyeujua mpangilio huu humlaumu asiyehusika, na anayehusika anapita salama.

Meya huongoza Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo ya mwaka, na pia Kamati ya Fedha na Uongozi. Humo ndimo bajeti inapopitishwa, sheria ndogo zinapotungwa na taarifa za utekelezaji zinaposomwa. Lakini meya hasaini malipo. Afisa Masuuli ni mkurugenzi: wakuu wa idara wako chini yake, na fedha zikipotea yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Meya anayemwamuru mhandisi wa manispaa kama mfanyakazi wake amevuka mpaka. Mkurugenzi anayetekeleza mradi ambao baraza halikuupitisha amevuka pia.

Ugomvi wenyewe huwa wa nini? Mara nyingi ni soko, stendi na viwanja. Sababu iko wazi ukitazama mapato. Tumbaku ya mkoa huu hulimwa zaidi Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, na ushuru wake ni wa halmashauri hizo. Kodi ya majengo, iliyokuwa tegemeo la miji, ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 tunakatwa kodi hiyo tukinunua umeme wa LUKU. Manispaa inabaki na ushuru wa soko, stendi, leseni za biashara, ushuru wa huduma na vibali. Anayeshika soko anashika mfuko wa mji.

Ugomvi wa mapato si jambo geni hapa Unyanyembe, himaya ya kale ya Tabora. Kabla reli haijafika mwaka 1912, misafara ya pembe za ndovu kati ya Pwani na Ujiji ilipumzika hapa, na karibu mwaka 1860 Mtemi Mnywa Sere alitaka bidhaa za wafanyabiashara Waarabu zilipiwe ushuru. Walimpindua na kumtawaza Mkasiwa, aliyekubaliana nao. Mnywa Sere aliendesha vita vya msituni kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865, na njia ya misafara haikuwa na amani. Hapakuwa na mahali ambapo pande mbili zingeweza kukaa, hesabu zikasomwa, na walio wengi wakaamua. Leo mahali hapo papo, nasi tunapaacha patupu.

Mgogoro unaotufundisha zaidi katika miaka ya karibuni ulitokea Bukoba. Meya Anatory Amani na mbunge wa jimbo, Khamis Kagasheki, wote wa CCM, walitofautiana juu ya miradi ya manispaa, ukiwamo ujenzi wa soko kuu na upimaji wa viwanja. Madiwani wakagawanyika. Agosti 2013 chama mkoani Kagera kikawavua uanachama madiwani wanane, uamuzi ambao ngazi ya taifa iliusimamisha. Hatimaye aliitwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), wakati huo Ludovick Utouh, afanye ukaguzi maalumu. Matokeo yaliposomwa Bukoba Januari 2014, yakionyesha kasoro katika uendeshaji wa miradi, Amani alitangaza kuachia umeya. Soko lilikwama. Wafanyabiashara waliobaki kwenye vibanda chakavu hawakuwa na kura katika ugomvi ule, na hilo ndilo linaloniuma kila nikiukumbuka.

Zingatia kwamba makundi yote mawili yalikuwa ya chama kimoja. Tusidanganyike kwamba halmashauri hugombana kwa sababu ya upinzani tu.

Kigoma Ujiji, mwisho wa ile njia ya misafara, ilikuwa na sura nyingine. Baada ya uchaguzi wa 2015 baraza lake liliongozwa na ACT-Wazalendo, huku mkurugenzi akiwa mteule wa Rais. Machi 2018, Rais Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya CAG iliyoipa manispaa hiyo hati chafu, aliagiza mkurugenzi asimamishwe kazi, pamoja na mwenzake wa Pangani. Agizo halikumgusa meya, na kisheria ndivyo ilivyo: hesabu ni za Afisa Masuuli. Hata hivyo madiwani hawawezi kunawa mikono, maana taarifa za fedha hupita kwenye kamati yao kabla ya kufika barazani.

Meya anaweza kuondolewa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inataka tuhuma ziwe za uzito, kama vile rushwa, matumizi mabaya ya ofisi au mwenendo mbaya, na theluthi mbili ya wajumbe wakubali. Kuchukiwa hakutoshi, wala wingi wa kawaida. Alipoondolewa Meya wa Dar es Salaam, Isaya Mwita, Januari 2020, mabishano makali yalihusu hesabu hiyo hasa: je, theluthi mbili ilitimia? Ukisikia meya wenu "ameng'olewa", uliza kwanza waliopiga kura walikuwa wangapi kati ya wangapi.

Basi ufanye nini? Nenda barazani. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, isipokuwa baraza likiamua kujadili jambo fulani faragha. Hutaruhusiwa kuchangia, lakini utaona nani anauliza, nani anasinzia, na nani anatoka nje ili akidi isitimie. Hoja yako mpe diwani wako mapema, kwa maandishi, akiwa bado kwenye kamati. Siku ya baraza mengi yameshaamuliwa. Kwenye mkutano wa mtaa dai taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa tarakimu. Kila Aprili ripoti za CAG hufika bungeni na kuwekwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi: tafuta jina la halmashauri yako, soma aina ya hati, kisha uzitafute hoja za miaka iliyopita ambazo hazijafungwa. Penye dalili ya rushwa, TAKUKURU wana ofisi mkoani na wilayani.

Ukihitaji mkataba wa soko au orodha ya waliogawiwa viwanja, mwandikie mkurugenzi barua kwa Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Anatakiwa kukujibu ndani ya siku 30, hata kama jibu ni kukataa na sababu zake. Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe, uondoke nayo.