Kuzuia Matumizi ya Tumbaku Shuleni: Hoja za Insha

Mtahiniwa, ukiulizwa jinsi shule inavyoweza kuwakinga vijana na tumbaku, usiishie kuandika kwamba sigara ni hatari. Hilo hata mvutaji analijua. Eleza kinachomfanya kijana aanze, kisha onesha shule ifanye nini.

Maana: Matumizi ya tumbaku ni pamoja na kuvuta sigara, kutafuna tumbaku na kutumia ugoro. Zote zina nikotini, kemikali inayoleta uraibu.

Kwa nini vijana huanza?
1. Shinikizo la rika. Rafiki anakuambia "vuta kidogo tu", nawe unaogopa kuchekwa.
2. Imani potofu kwamba sigara husaidia kukesha ukisoma. Mwili ukishazoea nikotini, ikipungua mtu hukosa utulivu na umakini. Fikiria hali hiyo ndani ya saa tatu za mtihani.
3. Urahisi wa kupata sigara moja moja dukani.

Shule ifanye nini?
(a) Ifundishe stadi za maisha kwa maigizo, ili wanafunzi wazoee kukataa bila kugombana.
(b) Klabu ya afya iandae midahalo, hasa Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani.
(c) Walimu wawe mfano, na uongozi uzungumze na wenye maduka. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18.
(d) Aliyekwisha kuanza apewe ushauri nasaha. Kumfukuza kunamtoa shuleni tu; sigara anaondoka nayo.

Mfano wa karibu: Huku Liparamba tumbaku si jambo la mbali. Mkoani kwetu Ruvuma inalimwa Namtumbo na Songea, na wapo wanafunzi walionunuliwa sare na madaftari kwa fedha yake. Usiwabeze wazazi hao. Tenganisha zao linalolisha familia na uraibu unaomharibu kijana. Ongeza kwamba nikotini hupenya ngozini mtu anaposhika majani mabichi yaliyolowa, hivyo hata shambani mtoto anahitaji kukingwa.

Zoezi: Rafiki yako wa kidato cha nne ameanza kuvuta sigara kwa siri. Mwandikie barua ya kirafiki yenye hoja nne za kumshawishi aache.