Somo la Vijana: Andaa Nyaraka Kabla ya Tangazo la Kazi



Katika toleo hili tunazungumza na wanafunzi wa sekondari, pamoja na vijana waliomaliza vyuo na sasa wako nyumbani Vihingo na vijiji jirani vya Kisarawe na Kibaha. Matumaini ya ajira katika eneo letu yameongezeka. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na Soga na Ruvu zina stesheni zake. Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025. Lakini kuishi jirani na mradi si sawa na kupata kazi. Tunapokaa na vijana tunaona kwamba wengi hukwama hata kabla ya usaili, kwa sababu ya nyaraka.

Tangazo la kazi ya serikali mara nyingi hutoa wiki mbili tu za kutuma maombi. Muda huo hautoshi kutafuta cheti cha kuzaliwa, kusahihisha majina na kwenda kwa wakili. Kwa hiyo kazi hii ifanyike sasa, wakati hakuna tangazo. Tuangalie mambo matano.

1. Majina yafanane
Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis, na kitambulisho cha Taifa kina jina la tatu ambalo shule haikuliandika. Nyumbani wote wanajua kuwa ni mtu mmoja. Msaili hana namna ya kujua. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka msailiwa ambaye majina yake yanatofautiana alete hati ya kisheria ya kuthibitisha majina. Hati hiyo huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Inahitaji fedha na muda. Wewe uliye bado shuleni una nafasi nzuri zaidi: kagua jina lako, herufi kwa herufi, wakati shule inapowasajili kwa mtihani wa Taifa.

2. Vyeti vyenyewe
Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA kupitia ofisi ya wilaya. Kumbuka mahali ulipozaliwa: aliyezaliwa Hospitali ya Tumbi aanzie Kibaha, hata kama amekulia Kisarawe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hakikisha zinalingana na cheti chako. Vyeti vya masomo vitolewe nakala na kuthibitishwa na wakili au hakimu. Hati ya matokeo ya muda na karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita havikubaliwi badala ya cheti. Kama cheti chako bado kiko shuleni au chuoni, kifuate.

3. Akaunti iwe yako
Maombi ya Sekretarieti ya Ajira hutumwa kwa mfumo wa Ajira Portal. Vijana wengi hufunguliwa akaunti na mwenye steshenari, kwa barua pepe yake na neno la siri analolijua yeye. Steshenari ikifungwa, au simu yake ikipotea, taarifa ya kuitwa kwenye usaili humfikia mtu mwingine. Fungua barua pepe yako mwenyewe, andika neno la siri kwenye daftari, na usibadilishe namba ya simu ovyo.

4. Barua na maelezo binafsi
Barua iwe fupi, itaje nafasi unayoomba kama ilivyo kwenye tangazo, na iwe na sahihi yako. Maelezo binafsi yawe na anwani, simu na wadhamini watatu wa kuaminika. Waombe ruhusa kwanza, ili wakipigiwa simu wajue wewe ni nani. Usiache kuandika kazi za kujitolea: kuhesabu fedha za kikundi au kufundisha watoto ni uzoefu. Viwanda vina taratibu zake, na vingine hutaka barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji.

5. Jihadhari na matapeli
Kutuma maombi Ajira Portal ni bure. Anayekuomba fedha ili "akupitishe" kwenye reli au bandari kavu anataka fedha yako tu. Wazazi, msiuze shamba wala mbuzi kwa ahadi ya namna hiyo. Cheti cha kughushi nacho humpeleka mtu mahakamani.

Nyaraka peke yake hazitoi ajira, kwani nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Lakini inauma kijana mwenye sifa anapoachwa kwa sababu ya herufi moja.

Zoezi kwa vikundi vya vijana
a) Kila mmoja alete cheti cha kuzaliwa, cha shule na namba ya NIDA. Mkae wawili wawili mlinganishe majina na tarehe.
b) Orodhesheni nyaraka zinazokosekana na ofisi zinakopatikana.
c) Wenye safari ya ofisi moja wapange siku moja, wachangiane nauli.
d) Mwezi ujao mpeane taarifa: nani amekamilisha, na nani anahitaji kusaidiwa?