Dondoo muhimu: Kupima chama kabla ya kupiga kura

Tanzania hairuhusu mgombea binafsi, kwa hiyo kura ya rais, mbunge au diwani ni kura ya chama pia. Mbunge akivuliwa uanachama hupoteza kiti. Kura za ubunge ndizo pia zinazogawa viti maalumu vya wanawake, kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura hizo.

Ilani isomwe yenyewe, si kusikilizwa jukwaani tu. Mpiga kura achague mambo mawili au matatu yanayomgusa, kama maji, bei ya mbolea au mikopo ya wanafunzi, kisha atafute katika kila ilani: kitafanyika nini, lini, kwa fedha ipi. Ahadi isiyotaja chanzo cha fedha ina uzito mdogo sana. Chama kilichokwisha kutawala kipimwe kwa ilani yake ya uchaguzi uliopita na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kisichowahi kutawala, kwa hoja za wabunge wake, kama kinao, katika kumbukumbu rasmi za Bunge.

Kura zote si lazima ziende chama kimoja. Kanga na fulana hazielezi sera, na hongo ya kura ni kosa kwa mtoaji na mpokeaji.