Kuchanja Watoto

Wazee wetu waliujua sana ugonjwa wa ndui. Aliyepona alibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka kabisa. Waliokufa hawana hesabu. Mwaka 1796 mganga wa Kiingereza, Edward Jenner, alimchanja mtoto wa miaka 8 kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, ambayo ni ugonjwa mdogo, kisha akamtia ndui yenyewe, na mtoto asiugue. Mwili ulikwisha kumjua adui kabla hajaja na nguvu zake zote.

Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, pwani ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Aliwaonyesha njia wagonjwa wawili waliokuwa garini, safari ya dakika chache tu. Hakuwa amechanjwa, kwani aliogopa maumivu ya sindano. Alipona, nao waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja, na ugonjwa haukumfikia hata mmoja wao. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Ali mwenyewe baadaye aliwashauri wazazi wa nchi yake wakubali chanjo ya polio, hata alipofariki mwaka 2013.

Ndui imekwisha, lakini surua ipo, nayo hupofusha na kuua. Mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hata 18 wasio na kinga. Ndiyo sababu yatakiwa watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Majumbe na walimu na watazame hesabu hiyo vema. Katika Tanzania mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Je, yule wa miezi 7 hulindwa na nani? Hulindwa na nduguze na watoto wa jirani waliokwisha kuchanjwa, kwa kuwa ugonjwa haupati nyumba ya kupitia ili umfikie.

Wako wasemao, "Mtoto alipata homa baada ya sindano, simrudishi tena." Homa hiyo hupita kwa siku chache, wala si kitu mbele ya surua. Tena, katika watoto 100 wachanjwao wakiwa na miezi 9, kama 15 hivi kinga haiwashiki mara ya kwanza, na hakuna awezaye kuwatambua kwa macho. Mama aliyepitisha siku asione haya. Ampeleke mtoto pamoja na kadi yake.