Utundu Kwenye Piano

Swali: Napiga kinanda kwenye kwaya hapa Chato. Nataka kipande cha piano chenye utundu wa kitoto. Nianze na kipi?

Jibu: "Hasche-Mann" cha Robert Schumann, cha tatu kati ya vipande 13 vya Kinderszenen, alivyotunga mwaka 1838. Ni watoto wanaokimbizana: mkono wa kulia unatimua mbio kwa noti fupi za kudonoa, wa kushoto unashtua ghafla. Kinadumu nusu dakika hivi, nami nakipenda mno! Schumann aliwaandikia watu wazima wanaokumbuka utoto, kwa hiyo si chepesi. Kipige polepole kwanza, kifundo cha mkono kikiwa laini. Utundu wenyewe umo kwenye mikazo, basi tafuta kinanda kinachoitikia uzito wa kidole.