Kabla ya Kununua Sili, Jua Injini Inazunguka Upande Gani

Sili ya krenki ya injini ya lori iliyofungwa kwenye mashua haipatikani kirahisi Banalia. Mtu huifuata Kisangani, zaidi ya kilomita 120 kwa barabara ya Buta, na vipuri vingine vya Kisangani navyo huja kutoka Butembo vikipita Nia-Nia na Bafwasende. Ukiagiza sili isiyofaa umepoteza bei yake, nauli ya pikipiki, na siku zote ambazo chombo kitalala ufukweni mwa mto Aruwimi bila kuvusha mtu wala gunia.

Injini iliyofumuliwa na kufungwa upya ikianza kutoa oili nyuma, fundi hukimbilia kulaumu sili. Mara nyingi sili ni nzima. Huenda imefungwa kwenye injini inayozunguka upande usio wake, au injini imelazwa kwa namna ambayo oili inajaa nyuma. Pima mambo hayo mawili kwanza.

Simama nyuma, tazama flaiwili

Kusema injini inazunguka kulia au kushoto hakuna maana mpaka useme umesimama wapi. Kwa injini za majini, simama upande wa flaiwili ukiitazama injini. Kutoka hapo, injini nyingi za magari na malori huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Ukihamia upande wa pulei utaziona zikifuata saa, ingawa mzunguko ni uleule.

Zipo pia injini za boti zilizoundwa kuzunguka upande wa pili. Zilikusudiwa vyombo vya injini mbili, ili rafadha moja izunguke kulia na nyingine kushoto, nahodha asipigane na usukani. Zikizeeka huuzwa mojamoja, na kwa nje si rahisi kuitofautisha na mwenzake. Hapo ndipo vipuri vinapochanganywa.

Usiulize rafadha, maana giaboksi inaweza kuwa imegeuza mzunguko njiani. Usiiamini starta pia, kwa sababu huenda ilitoka kwenye injini nyingine. Ushahidi wa kweli uko kwenye valvu:

1. Fungua kifuniko cha valvu. Kwenye silinda ya kwanza, fuata matundu ya hedi ujue valvu ipi ni ya hewa na ipi ni ya moshi.
2. Toa injekta au plagi ili injini iwe nyepesi. Zungusha kwa spana kwenye bolti ya pulei, taratibu, mizunguko miwili kamili. Bolti ikianza kulegea, zungusha kwa kusukuma meno ya flaiwili kwa mtaimbo.
3. Ukiona valvu ya moshi inashuka, inapanda, na kabla haijafunga ya hewa nayo inaanza kushuka, huo ndio upande sahihi. Ya hewa ikishafunga, zote mbili hukaa zimefunga kwa muda mrefu.
4. Ukiona ya hewa inatangulia na ya moshi inaifuata papo hapo, unazungusha kinyumenyume.

Ukishajua, chora mshale kwa rangi kwenye bloki.

Kijiti cha lori hakijui mashua

Ndani ya lori injini hukaa karibu sawasawa. Kwenye mashua, shafti inashuka kuelekea rafadha, kwa hiyo upande wa flaiwili huwa chini. Oili inakusanyika nyuma, na alama za kijiti cha kupimia hazisemi kweli tena. Fundi akiona imepungua, anaongeza, na sili ya nyuma inazama kwenye oili. Hapo hata sili mpya itavuja, tena injini ikiwa imezimwa.

Mwaga oili yote, badilisha filta, kisha jaza lita zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Washa dakika chache, zima, na usubiri oili ishuke. Chombo kikiwa kimebeba mzigo wake wa kawaida, pima na utie alama mpya kwenye kijiti kwa tupa. Ikiwa nyuma bado kunadondoka, punguza kidogo huku ukitazama geji ya presha. Sindano ikianza kucheza, pampu inavuta hewa, basi rudisha uliyopunguza.

Fuata oili kutoka juu

Oili hushuka, na injini ikiwa kazini hupeperushwa nyuma. Inakodondokea siko inakotokea. Osha injini kwa dizeli, kisha kwa maji na sabuni, uikaushe. Injini ikiwa imezimwa, nyunyizia poda ya mtoto kwenye viungo vyote. Ukikosa poda, unga mkavu wa muhogo unatosha. Washa bila mzigo dakika kumi, zima, pita na tochi. Kisha funga chombo kwa kamba imara ufukweni, tia gia, uipe kazi, na uangalie tena.

Wakati oili inapotoka ndio unaokuonyesha chanzo:

- Inatoka injini ikiwa imezimwa: tazama gasketi ya sampo, nati ya kumwagia, na kiwango cha oili.
- Inatoka mara tu injini ikiwaka, kwa nguvu: ni njia yenye presha. Kagua filta, swichi ya presha, na vizibo vya njia za oili vilivyo nyuma ya flaiwili.
- Inatoka wakati wa kazi nzito tu: kuna upepo mwingi ndani ya bloki. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Upepo mdogo ni kawaida kwa ringi mpya ambazo hazijakaa. Upepo ukisukuma kwa nguvu, anza na bomba la kupumulia: la injini iliyokaa muda mrefu nje huweza kuzibwa na nyigu wa udongo.
- Inatoka chini ya nyumba ya flaiwili: gusa na uitazame. Nyekundu na nyepesi huenda ikawa ya giaboksi. Ikiwa ni ya injini, kagua nyuma ya kifuniko cha valvu na kizibo cha kamshafti kabla ya kuishuku sili.

Oili iliyojaa sakafuni mwa chombo ichote uitie kwenye dumu. Wapo wanaochota maji ya kunywa mtoni, upande unakoelekea mkondo.

Sili yenye upande

Sili nyingi za krenki zina mifereji midogo ya mshazari kwenye mdomo wake. Krenki ikizunguka upande uliokusudiwa, mifereji hiyo huirudisha ndani oili inayotaka kutoroka. Ikizunguka kinyume, mifereji ileile inaitoa nje. Dalili yake ni injini kuwa kavu ikilala na kumwaga oili ikifanya kazi, hata baada ya kubadilisha sili mara ya pili. Tafuta mshale kwenye sili. Usipouona, omba sili isiyo na mifereji, ambayo inafaa pande zote mbili.

Krenki yenyewe pia huweza kuwa na mikwaruzo ya mshazari. Baadhi zilitengenezwa nayo kiwandani, nyingine zimeipata kwa fundi aliyesugua msasa huku akiutembeza kando. Msasa laini ushike mahali pamoja, shafti izunguke ndani yake. Kama kucha yako inakwama kwenye mfereji uliochongwa na sili ya zamani, isukume sili mpya ikae milimita chache kando, au vika bushi nyembamba ya chuma.

Vingine vinavyofuata mzunguko

Injini ikithibitika kuzunguka upande wa pili, kagua starta, pampu ya oili, na pampu ya giaboksi ya majimaji. Pampu ya maji yenye mapanga ya mpira hufanya kazi pande zote, lakini mahali pa kuingilia na pa kutokea hubadilishana: hamisha mabomba. Usiwashe mpaka umezungusha kwa starta bila dizeli na geji ya oili ikapanda.

Karatasi ya kumpa anayekwenda Kisangani

Andika aina na namba ya injini, kipenyo cha shafti, kipenyo cha nyumba ya sili, na unene wake, vyote kwa milimita. Kisha andika: "Nikisimama upande wa flaiwili, inafuata saa," au "inazunguka kinyume cha saa." Mpe na sili ya zamani. Bila hayo, hata muuzaji mwaminifu atampa sili ya mzunguko wa kawaida wa lori.